Ndoo Mbili za Izia

Ilikuwa Januari, mvua imekolea, nami nimefikia Izia, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, kwa mama mmoja aliyenipangisha chumba enzi za ujana wangu. Uani kwake kulikuwa na ndoo mbili. Ya kwanza ilijaa maji ya kijito yaliyotekwa baada ya mvua ya jioni: mekundu, mazito, ukitumbukiza mkono huvioni vidole. Ya pili nilikuja nayo mwenyewe kutoka lambo la kunyweshea ng'ombe nje ya mji. Maji yake yalikuwa ya kijani, mepesi, yenye ukungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hayo ya kijani umeyaleta ya nini, mwanangu? Hata ng'ombe huyanusa kwanza."

Kulipokucha, ndoo ya kwanza ilikuwa na tope la unene wa kidole chini, na juu maji yaliyoanza kupata nuru. Ndoo ya pili ilikuwa vilevile nilivyoiacha, ila pembeni palikuwa na utando mwembamba kama wa chai iliyopoa. Mama akainama, akazitazama zote mbili. "Hii imelala," akasema. "Ile imekataa kulala."

Nimefanya kazi ya maji miaka mingi na sijasikia mhandisi akiyasema mambo haya kwa ufupi namna hiyo.

Miji yetu mingi imejenga mitambo ya maji kwa imani ya ndoo ya kwanza. Maji yanatolewa mtoni, yanatiwa shabu, yanakorogwa taratibu, yanaingia kwenye tangi pana na kuachwa yatulie. Tope linazama, maji ya juu yanakwenda kwenye chujio la mchanga, kisha klorini, kisha bomba. Ruvu Chini na Ruvu Juu, zinazoinywesha Dar es Salaam, zimesimama juu ya imani hiyo, na kwa mto wenye tope kama Ruvu ni imani sahihi. Lakini ndoo ya pili ina dini yake. Anayenunua mtambo kabla ya kujua ndoo yake ni ipi, amenunua chuma tu.

Dini hiyo ya pili ni kuupandisha uchafu juu badala ya kuungoja uende chini. Lugha yetu ilishafika huko kabla ya wahandisi. Kitu kikikaa juu ya maji, kinaelea. Jambo likikuingia akilini, limekuelea. Ukilifanya limwelee mwenzako, umelieleza. Kwa hiyo sioni haya kuiita teknolojia hii kwa jina la nyumbani: kueleza uchafu kwa hewa iliyoyeyushwa majini. Msomaji akicheka kwamba uchafu nao unataka kuelezwa, hajakosea sana.

Tuanze na uzito, maana ubishi wote umelala hapo. Chukua punje ya mchanga laini yenye kipenyo cha mikromita 50, yaani sehemu ya ishirini ya milimita. Mchanga ni mzito zaidi ya mara mbili na nusu ya maji. Katika maji yaliyotulia ya nyuzi 20, fomula ya Stokes inatuambia punje hiyo itashuka karibu mita 8 kwa saa. Tangi la kina cha mita 3 italimaliza kwa dakika zisizofika 25.

Sasa chukua kitonge cha mwani kilichoshikamana kwa shabu, ukubwa uleule wa mikromita 50. Ndani yake karibu chote ni maji; uzito wake unayapita maji yanayokizunguka kwa asilimia 1 hivi. Fomula ileile inasema kitashuka sentimita 5 kwa saa. Tangi lile lile litakichukua saa 60, siku mbili na nusu, na hapo nimedhani hakuna upepo wala jua linalopasha maji upande mmoja na kuyazungusha. Seli moja ya mwani iliyojitenga, ya mikromita 5, itahitaji zaidi ya mwezi. Hakuna mji unaoweza kungoja hivyo.

Kiputo cha hewa cha mikromita 50 kwa upande wake hupanda karibu mita 5 kwa saa, mara 100 ya mwendo wa kitonge kile kushuka. Vikikishika viputo kadhaa, kitonge kinageuza safari. Hapo ndipo faida yote ilipo. Tangi la kutuliza hupewa kwa kawaida mita 1 au 2 za ujazo za maji kwa kila mita ya mraba kwa saa. Tangi la kueleza hupewa 5 hadi 15, na yale mapya ya kasi hupita 20. Hata ukorogaji wa mwanzo hufupishwa. Anayetaka tope lizame lazima avikuze vitonge viwe vikubwa na vizito, kazi ya nusu saa au zaidi. Anayetaka vielee anavitaka vidogo na imara, na dakika 10 hadi 20 humtosha.

Rudi kidogo kwenye ile punje ya mchanga. Inashuka mita 8 kwa saa, kiputo kinapanda mita 5. Ukimfunga mpandaji kwa mshukaji aliye mzito hivyo, mwenye kuvuta ni nani? Tope la mafuriko halielezwi kwa hewa, labda kwa gharama ya wazimu. Vitabu vya fani hii huweka mpaka mahali fulani kati ya vipimo kumi na mia vya ukungu wa maji, kutegemea ni ukungu wa nini. Mimi husema hivi: tope likitulia usiku mmoja ndooni ukaliona kwa macho, hapo anza na tangi la kutuliza.

Basi hewa inaingiaje majini? Haipulizwi. Ukipuliza hewa kwa bomba kwenye ndoo utapata mapovu makubwa ya kuvuruga vitonge, kama mtoto anayepuliza soda kwa mrija. Kinachofanyika ni kuchukua sehemu ndogo ya maji yaliyokwisha kusafishwa, kama asilimia 10, na kuyasukuma ndani ya mtungi wa chuma ambamo kompresa imetia hewa kwa presha ya ba 4 hadi 6. Humo hewa inayeyuka. Mwingereza William Henry alilionyesha jambo hili mwaka 1803: gesi huyeyuka majini kwa kadiri inavyogandamizwa juu yake. Maji hayo hupelekwa mpaka kwenye mlango wa tangi na kuachiwa ghafla kupitia tundu jembamba. Presha inaanguka, hewa inakosa pa kujificha, inatoka kwa viputo vya mikromita 10 hadi 100. Huwezi kuona kiputo kimoja kimoja. Unachoona ni weupe, kana kwamba mtu amemwaga maziwa chini ya tangi. Kila lita ya maji yanayotibiwa hupata viputo vinavyokaribia milioni 200.

Wana Rukwa wanalijua jambo hili bila kupewa darasa. Chini katika bonde la ufa, kusini mwa Ziwa Rukwa, kuna chemchemi za moto zinazobubujika gesi. Huko chini gesi ilikuwa imeyeyuka kwenye maji yaliyogandamizwa na mwamba. Yakifika juu, inaachana nayo. Mwaka 2016 dunia ilipotangaziwa kwamba bonde la Rukwa lina heliamu, dalili za mwanzo zilikuwa ni viputo hivyo, vilivyopimwa na kukutwa na heliamu hadi asilimia 10 hivi, iliyobaki ikiwa zaidi ni naitrojeni. Watu wanaitafuta heliamu. Mimi huvutiwa zaidi na mlango inaotokea.

Nimewahi kuulizwa, na si mara moja, kama mtambo wa namna hii utafanya kazi juu ya uwanda wa Ufipa ambako hewa ni nyepesi. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa Tanga. Hofu hiyo ina mantiki, lakini imeshika ncha isiyo yake. Hewa inayotoka kama viputo ni tofauti kati ya iliyoyeyuka mtungini na ile ambayo maji yanaweza kubaki nayo yakiachiwa. Kimo kikipunguza ya kwanza, kinapunguza na ya pili. Tofauti inabaki karibu ileile. Tena kuna nyongeza: gramu 8 za hewa kwa kila mita ya ujazo ya maji, ambazo Tanga zingekupa viputo vya karibu lita 6.7, Sumbawanga zitakupa lita 8 na ushei, kwa kuwa hewa imetanuka. Kinachobeba kitonge ni ujazo wa kiputo, si gramu zake.

Anayeumia ni kompresa. Inavuta hewa nyembamba, kwa hiyo lazima ivute nyingi zaidi, kama robo zaidi, kupata gramu zilezile. Mota nazo nyingi zimekadiriwa kwa kimo kisichozidi mita 1,000, na hewa nyembamba huzipoza vibaya. Mambo haya mawili hayaonekani kwenye picha za katalogi. Baridi ya Juni na Julai ina tabia mbili pia: maji baridi hubeba hewa zaidi, lakini yana mnato zaidi kidogo, viputo vinapanda kwa kusuasua. Kati ya nyuzi 20 na 15 mwendo hupungua zaidi ya asilimia 10. Si balaa. Ni la kuandikwa kwenye michoro mapema.

Tukizungumza hewa na Ufipa, siwezi kupita bila kutaja malungu. Kabla ya jembe la dukani, Wafipa walifua chuma katika tanuru refu la udongo, ilungu, lililompita mtu kimo. Halikuwa na mivukuto. Mirija ya udongo chini yake iliiacha hewa ijiingize yenyewe, moto ukiivuta juu. Mivukuto ilitumika baadaye tu, kwenye tanuru dogo la kusafishia, kintengwe. Watu hawa walikwisha kutofautisha kazi ya hewa inayovutwa na ile inayosukumwa. Mwanafunzi wangu wa chuo huchukua muhula mzima.

Na msomaji wa Kitanzania anamjua ndugu wa teknolojia hii kuliko anavyodhani. Mwaka 2017 nchi nzima ilijifunza neno makinikia, makontena 277 yakiwa yamezuiwa bandarini Dar es Salaam. Ule mchanga wa shaba na dhahabu kutoka Bulyanhulu na Buzwagi ulipatikanaje? Kwa viputo. Mawe husagwa kuwa unga, unga hutiwa majini pamoja na kemikali inayozifanya chembe za madini ziyachukie maji, kisha hewa inapulizwa. Chembe zinapanda zimeshikilia viputo na kukusanywa kama povu. Tofauti ni kwamba mgodini viputo ni vikubwa na kemikali zake hazifai kunywewa. Kwenye maji ya kunywa shabu ndiyo inayofanya upatanishi. Chembe nyingi za majini zina chaji hasi, kiputo nacho kina chaji hasi, na wawili hao husukumana mpaka shabu iipoze chaji ya chembe. Weka kidogo mno, hawakutani. Weka nyingi mno, chaji inageuka na ugomvi unaanza upya.

Kutoka madini na viwanda vya karatasi vya Skandinavia, vilivyotumia hewa iliyoyeyushwa kukamata nyuzi za karatasi tangu miaka ya 1920, njia hii iliingia kwenye maji ya kunywa miaka ya 1960, Sweden na Finland zikitangulia. Afrika haikuchelewa. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, ilianza mwaka 1968 kuyarudisha maji taka yake kuwa maji ya kunywa pale Goreangab, na kuelezwa kwa mwani ilikuwa hatua mojawapo. Mtambo mpya uliofunguliwa mwaka 2002 una uwezo wa mita za ujazo 21,000 kwa siku, na viputo bado vina kazi humo. New York ilisubiri hadi mwaka 2015 kuwasha mtambo wake wa Croton, uliochimbiwa chini ya kiwanja cha gofu, wenye kueleza uchafu juu na chujio chini yake.

Kwa Afrika Mashariki, mahali ambapo hoja hii ina nguvu kuliko pote ni Ziwa Viktoria. Mwani wa kijani-buluu unaotawala kwenye ghuba zake, ile ya Winam kule Kisumu ikiwa mfano unaojulikana sana, una aina iitwayo Microcystis. Kiumbe huyu ana vifuko vya hewa ndani ya seli zake. Anajieleza mwenyewe, mchana huongeza uzito, usiku huupunguza, anapanda na kushuka atakavyo. Kumjengea tangi la kutuliza ni sawa na kumwekea samaki ngazi. Tena ana sumu. Seli ikipasuka kwa kukorogwa kwa nguvu au kwa klorini iliyotiwa mapema, sumu inamwagika majini na chujio la mchanga haliizuii. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa mikrogramu 1 kwa lita kwa aina moja iliyo maarufu. Kumwondoa mwani akiwa mzima, na sumu yake tumboni, ndiyo sifa ninayoipenda kuliko zote katika njia hii. Kampala, ambayo Ggaba yake inavuta maji kwenye ghuba inayopokea pia maji machafu ya jiji, ilijenga mtambo mwingine Katosi, mashariki, kwenye maji mazuri zaidi. Hilo nalo ni jibu, kwa mwenye fedha za kuhama.

Sifa ya pili ni kijidudu kiitwacho Cryptosporidium, kinachotoka kwenye kinyesi cha ng'ombe na binadamu na kisichoiogopa klorini. Kina mikromita 4 hadi 6 na uzito unaoyapita maji kidogo tu. Mwaka 1993 kilipenya kwenye maji ya Milwaukee, Marekani, na watu wapatao 400,000 wakaugua matumbo. Kwenye tangi la kutuliza kinapita kama mgeni rasmi. Viputo hukikamata kwa asilimia 99 au zaidi kama shabu imewekwa sawasawa. Mahali penye mifugo mingi juu ya chanzo cha maji, na Rukwa ina mifugo mingi, hesabu hii haipaswi kuachiwa watu wa hospitali peke yao.

Turudi Ufipa sasa, maana mtu akinisoma mpaka hapa anaweza kuandika barua ya kuomba mtambo. Asiandike kwanza.

Maji ya vijito vya milima ya Mbizi wakati wa masika ni ndoo ya kwanza. Ni udongo mwekundu uliotoka kwenye miteremko iliyolimwa, na udongo ni mawe madogo. Wafipa walikuwa na dawa yake shambani: intumba, yale matuta ya mviringo ambamo majani hufukiwa yaoze, yakashika maji na udongo pamoja. Kila tuta lililoachwa na kila mti ulioondoka kwenye msitu wa Mbizi, makazi ya mbega wekundu ambao watafiti huja kuwatazama kutoka mbali, umeongeza kazi kwenye tangi la kutuliza. Maji ya aina hii yatulizwe. Tena kwa uangalifu mmoja: maji yanayotoka kwenye miamba migumu ya kale kwa kawaida ni laini, na shabu hula ile alkali kidogo iliyopo, kila miligramu 1 ikila nusu miligramu. Bila chokaa pembeni, uchachu unapanda, vitonge havifungi, na fundi analaumu shabu. Visima virefu, ambavyo mji unavitegemea pia, havina tope la kuzungumzia wala mwani. Navyo havihitaji viputo.

Halafu kuna Ziwa Tanganyika. Wazo la kuvuta maji yake yapande Sumbawanga limezungumzwa kwa muda mrefu, na kila likitajwa kuna mtu huuliza teknolojia gani ya kusafishia itafaa. Swali zuri, mahali pasipo pake. Maji ya Tanganyika, mbali na midomo ya mito, ni miongoni mwa maji maangavu kuliko yote katika maziwa makubwa ya dunia. Unaona kina cha mita nyingi kwa macho. Kuyajengea mtambo wa viputo ni kumpaka rangi tausi. Shida yake ni mlima. Uso wa ziwa uko karibu mita 770, mji uko mita 1,800. Kuinua mita moja ya ujazo kimo cha mita 1,030 kunahitaji uniti 2.8 za umeme kwa hesabu ya darasani, na kwa pampu zenye ufanisi wa asilimia 70 ni uniti 4, kabla ya kuhesabu msuguano wa bomba. Mtambo wa viputo wenyewe ungekula kama uniti 0.05 kwa mita ya ujazo. Katika mradi huo, anayejadili kusafisha maji anajadili senti. Shilingi ziko kwenye kupandisha.

Umeme ndio unaonirudisha kwenye udhaifu wa njia hii, ambao wauzaji hawautaji. Tangi la kutuliza likikatikiwa umeme linaendelea kutuliza. Mvutano wa dunia hauna mita ya luku. Tangi la kueleza likikatikiwa, ule weupe unatoweka ndani ya dakika chache, na blanketi la uchafu lililokuwa juu linaanza kupoteza viputo vyake na kuanguka vipandevipande ndani ya maji yaliyokwisha safishwa. Sumbawanga kwa miaka mingi ilipata umeme wake kutoka Zambia kupitia Mbala, na mradi wa njia kubwa ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupita Mbeya na Tunduma mpaka Sumbawanga ulibuniwa kwa sababu zinazoeleweka. Mtambo wa viputo bila jenereta yenye mafuta ni ahadi.

Mvua pia. Matone makubwa ya masika yakipiga juu ya tangi lililo wazi yanavunja blanketi kama mawe yanavyovunja paa la nyasi. Upepo mkavu wa kiangazi hulisukuma lote upande mmoja. Kwa hiyo tangi hujengewa paa, na paa huandikwa kwenye bajeti siku ya kwanza. Niliwahi kuitwa kwenye mtambo mmoja, mahali nisipopataja, ambako paa lilikatwa ili kubana gharama. Msimu wa kwanza wa mvua mafundi waliufunika uchafu kwa turubai. Nilikuta pia tundu za kuachilia maji zimezibuliwa kwa msumari mpaka zikapanuka. Viputo vilivyotoka vilikuwa vya saizi ya njegere, vinapasua kila kitonge vinachokigusa. Fundi aliyezizibua hakuwa mvivu. Hakuwa amepewa tundu za akiba, na hakuna aliyemwambia kwamba siri yote ya mashine iko kwenye upana wa tundu lile.

Mahali ambapo ningeweka viputo Rukwa, kama ningeulizwa, ni pale ambapo uchafu wenyewe unaomba kupanda. Mabwawa na malambo yanayogeuka kijani mwishoni mwa kiangazi, kama kijiji hakina chanzo kingine. Na machinjio. Mafuta, manyoya, vipande vya nyama na damu iliyogandishwa kwa kemikali havitaki kuzama. Kuviachia mifereji ni kuvitia kwenye mito inayoporomoka kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa kuelekea Ziwa Rukwa, na ziwa hilo halina mlango wa kutokea. Kinachoingia, kinabaki. Hapo tangi dogo, kompresa moja na reki ya kukwangua vinaweza kutoa mafuta mengi kuliko shimo la kutuliza lililo kubwa mara kadhaa, na utando unaokwanguliwa ni mzito, mkavu kuliko tope la chini: unaubeba kwa toroli badala ya kuukodia lori la maji taka.

Lakini hata hapo kuna jaribio la kufanya kabla ya zabuni, na gharama yake ni ndogo kuliko posho ya kikao. Nilimfanyia mama yule pale uani. Nilimpelekea fundi baiskeli wa jirani kifuniko cha chupa ya soda ya plastiki, anitie valvu ya tairi. Chupa ya glasi usithubutu. "Kaka, hii ni roketi?" akaniuliza, akikaza nati. Nikajaza chupa theluthi mbili maji safi, nikapiga pampu mpaka mkono ukakataa, nikaitikisa kwa dakika mbili tatu. Kwenye jagi la glasi nilikuwa nimetia lita moja ya maji ya lambo na shabu iliyoyeyushwa, kiasi cha ncha ya kisu, nikakoroga taratibu kwa mwiko dakika 10 mpaka vitonge vikaonekana. Kisha nikapitisha mrija mwembamba kutoka kwenye chupa hadi chini ya jagi, nikaachia kama glasi ndogo ya maji yale. Chini ya jagi pakawa maziwa.

Weupe ukapanda polepole, na ukijani ukapanda nao. Baada ya dakika chache juu ya jagi palikuwa na kofia ya kijani unene wa kucha, na chini yake maji ambayo mama aliweza kuona kupitia kwayo maua ya kitambaa cha meza. Nilirudia na maji mekundu ya kijito. Viputo vilipanda vyote, safi, peke yao, na tope likaendelea na safari yake ya chini kana kwamba halikuona mtu.

Mama akachukua upawa, akaengua kofia ya kijani, akalitazama jagi juani.

"Haya tunakunywa?"

"Bado, mama. Chujio, halafu klorini."

"Basi bado," akasema, akalimwaga jagi kwenye mche wa mparachichi, akaenda kuweka sufuria chini ya bati kwa kuwa wingu lilikuwa limekwisha fika Mbizi.